Mbegu Niliyoirudisha Mkekani

Siku ile nyumbani kwetu Mtendeni, ambayo uzee haujaweza kuninyang'anya, mkekani tulikuwa watatu: bibi yangu Kalunde, mzaa baba; dada yangu Tatu; na mimi Mwajuma, mdogo wao. Babu Maganga, mume wa bibi, alikuwa amelala chumbani, kifua kinambana. Binti yao, shangazi Nyamizi, alikuwa ameolewa huko mbele ya Lusu, mbali.

Mwanangu, enzi hizo habari ya ugonjwa ilisafiri kwa vinywa. Sisi tumwambie Bi Salma mwenye duka pale Gongoni. Dereva wa lori lake amwambie Shija, fundi baiskeli wa Lusu. Shija apande baiskeli hadi kwa shangazi. Kila mmoja bibi alimwekea mbegu ya boga mkekani, nasi tukawataja majina. Kisha huondoa moja. "Huyu kasafiri. Sasa habari ipite wapi?" Hapo sisi tutafute njia nyingine mpaka tuipate.

Mimi mchezo ule ulinichosha. Bibi alipoondoa mbegu ya Shija na kuinuka kumpelekea babu uji, niliirudisha.

Tatu akaninong'oneza, "We Mwajuma, unamdanganya nani?"

"Shija ana pa kwenda basi? Baiskeli zote za Lusu ziko mlangoni kwake."

Bibi aliporudi nikamwambia njia imepatikana. Akanisifu bila kuuliza ni ipi.

Siku chache baadaye babu akazidiwa. Habari iliondoka kwa Bi Salma asubuhi, ikafika kwa Shija, ikaishia hapo. Shija alikuwa porini, kambi ya asali. Dereva alimwachia jirani ujumbe, jirani naye akangoja mwenyewe arudi. Shangazi alikuja siku ya nne tangu tumzike babu, kuku wa supu ya mgonjwa kamkumbatia kwapani. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka.

Hakulia kwanza. Aliuliza, "Nani alikuwa na kazi ya kuniita?"

Bibi Kalunde akanigeukia mimi. "Ile njia uliyoniambia umeipata, ilikuwa ipi?"

 

Sasa mjukuu wangu Zuhura, binti wa mwanangu Hamisi, anaandika programu ya kuiga mtandao wa kompyuta. Waya hakuna, mitambo hakuna, yote ni ya kuigiza humo ndani ya kompyuta yake, ili kasoro ionekane kabla watu hawajategemea kitu chenyewe. Huu wa sasa ni wa zahanati kuomba damu hospitali, na Jumatatu mtandao wenyewe unaanza kazi. Juzi alinionyesha vidoti vya kijani kwenye kioo, kila kimoja na jina la mahali penye mtambo wa kupokezana ujumbe. Kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, lakini Lusu niliisoma.

"Iondoe Lusu," nikamwambia.

"Bibi nawe. Lusu ina sola, ina betri, haizimiki hiyo."

"Shija naye hakuwa na pa kwenda."

"Shija ndiye nani tena?"

"Iondoe, mama."

Akaiondoa huku akicheka. Maombi ya zahanati zilizo mbele ya Lusu yakaanza kurundikana, na kioo kikaendelea kuandika kwamba yamefika. Kumbe programu ilihesabu yaliyotoka, ikayaita yaliyofika. Zuhura akaacha kucheka.

"Bibi, mgonjwa angengoja mpaka lini?"

"Mpaka Shija arudi na asali yake."

Tangu hapo anaiongezea programu uwezo wa kuzima mtambo wowote yenyewe, bila kuambiwa upi, ili asije akampendelea anayemwamini. Hajamaliza. Amemwomba mkubwa wake asogeze Jumatatu, hajajibiwa. Simu yake ikilia, namuuliza kama ni mkubwa wake.

Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye haraka ya kusifiwa ufa haoni. Kazi yako ijaribu kwa siku mbaya. Mwondoe kwanza yule unayemtegemea kuliko wote, uone kinachobaki. Ukiambiwa ujumbe umefika, uliza ameupokea nani. Mungu akujalie kila neno lako liwakute wanaolingoja wangali hai.

Nanyi wa Lusu mtakaosoma, kama yule fundi hakuitwa Shija, au Bi Salma hakuwa na lori, nisahihisheni, sitanuna. Ila shangazi alikuja siku ya nne. Hapo sijakosea.