Vigae Vyeusi vya Mama Belyse

Kati ya Waburundi na Wakongo waliokuwa wakisali kwenye ukumbi wa shule ya kukodi karibu na Blacktown, Sydney, hakuna aliyeitwa Mwalimu kwa heshima kama Méthode Ntakirutimana. Alifundisha hesabu miaka tisa katika kambi ya wakimbizi Kasulu, Tanzania, na nusu ya vijana wa kanisa lile walijifunza desimali mbele ya ubao wake. Sydney ilimpa kazi nyingine. Tangu afike mwaka 2005 alikuwa akikunja mashuka ya hospitali katika kiwanda cha kufulia, kofia ya neti kichwani, na bosi wake, kijana wa miaka ishirini na sita, alimwita "Met" kwa sababu jina zima lilimshinda. Lakini Jumapili alipoingia ukumbini watu walimsogezea kiti cha mbele. "Karibu, Mwalimu." Hilo lilimtosha kuimaliza wiki.

Mkewe Généreuse, Mkongo wa Uvira aliyekutana naye kulekule kambini, hakuwa mtu wa viti vya mbele. Alikwenda kusoma Kiingereza kwenye kituo cha wakazi pale Quakers Hill, na siku moja akakosea mlango. Akajikuta katika chumba ambamo bibi mmoja wa Kiitaliano alikuwa akivunja sahani kwa nyundo, tena kwa furaha kabisa. Bibi yule alifundisha mozaiki: unachukua vigae na vyombo vilivyovunjika, unavikata vipande vidogo kwa koleo, unavipanga na kuvigandisha juu ya ubao mpaka vitoe picha, kisha unajaza nafasi kwa saruji laini. Généreuse akavuta kiti. Kiingereza alikuja kujifunza humohumo, huku akiomba gundi.

Nyumbani akaligeuza banda la gari kuwa karakana yake, maana gari hawakuwa nalo. Alianza na vyungu vya maua. Halafu akaokota meza ya duara iliyotupwa na jirani, akaamua kuweka juu yake kanga, yule ndege, kama alivyokuwa kwenye kitenge cha mama yake. Madoa meupe aliyakata kwenye visosi, kila doa dogo kama ukucha wa mtoto. Shingo ya bluu ilitoka kwenye bakuli. Kilichokosekana kilikuwa kiwiliwili, kwa kuwa vigae vyeusi havikuwa rahisi kupatikana.

Ikaja ile wiki ambayo kaunsili, halmashauri ya mji, huwaruhusu watu kuweka vitu vikubwa wasivyovitaka kando ya barabara ili lori lije livizoe. Mtaa mzima ulijaa magodoro, televisheni nene, viti vya miguu mitatu. Généreuse alikuwa ameona, mitaa mitatu kutoka kwao, rundo la bafu lililobomolewa.

"Baba Belyse, Jumamosi unisindikize," alisema. "Vigae ni vizito."

"Hatuwezi kwenda jioni kidogo, jua likiwa limepungua?"

"Nitajuaje kama ni vyeusi au ni kijivu?"

Méthode akakubali. Alivaa kofia akaishusha mpaka kwenye nyusi, akamwacha mkewe asukume kile kigari cha mtoto ambacho binti yao Belyse alishaacha kukitumia miaka mingi, naye akawa anatembea hatua chache nyuma. Saa tisa alasiri, jua kali. Généreuse alipofika kwenye rundo hakusitasita. Alijifunga kanga kiunoni, akaruka sinki la choo, akainama na kuanza kuchakura. Kijana aliyekuwa akikata nyasi upande wa pili alizima mashine ili atazame. Méthode akahisi masikio yanawaka. Akavuka barabara na kuinama kama anayefunga kamba za viatu.

Alipoinua kichwa, gari jeupe lilikuwa limesimama mbele yake. Lilikuwa la Symphorien, mzee wa kanisa, Mkongo mwenye sauti kubwa na roho nyepesi. Mkewe Médiatrice alikaa kando yake.

"Mwalimu! Unaenda wapi kwa miguu kwenye jua hili?"

"Nanyoosha miguu tu."

Médiatrice alikuwa akitazama ng'ambo, ambako mwanamke mmoja mwenye kilemba cha manjano, mgongo kwao, alikuwa akivuta boksi kutoka chini ya mbao.

"Yule mama kwenye takataka," akauliza, "si mtu wetu yule?"

Ilikuwa nafasi ya kusema maneno mawili: mke wangu. Méthode aliyaona yakija mpaka kwenye meno, akayameza.

"Simjui," alisema. "Siku hizi watu ni wengi huku."

"Ingia basi," akasema Symphorien, akifungua mlango wa nyuma. "Nilikuwa nakutafuta. Twende nyumbani tunywe chai, tuna neno na wewe."

Naye akaingia. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakutafuta udhuru, hata ule wa kitoto kabisa. Lakini aliingia, akafunga mlango, na gari lilipoanza kuondoka akageuka. Généreuse alikuwa amesimama wima juu ya rundo, boksi amelikumbatia kifuani, anawatazama wakienda.

Kwa Symphorien alikaa karibu saa nzima. Aliambiwa kwamba kanisa linataka kuongeza mzee mmoja, na jina lake ndilo lililotajwa kwanza. Médiatrice akaleta maandazi. "Wengine wetu wanatutia aibu," alisema huku akimimina chai. "Mzungu akimwona mmoja anachakura jalalani, ameshatuona sote." Méthode akatikisa kichwa kukubali. Alikula maandazi mawili.

Aliporudi, kigari kilikuwa bandani, tairi moja limepinda kwa uzito. Généreuse alikuwa jikoni anakatakata mboga za lengalenga, kidole gumba kimefungwa kitambaa chenye damu.

"Mama Belyse," akaanza, "yule mzee alinisimamisha ghafla, na mambo ya kanisa..."

"Nilimwona," alisema mkewe. "Chakula bado kidogo."

Laiti angefoka, Méthode angalau angepata mahali pa kujitetea. Usiku ule walilala kama kawaida, asubuhi wakavaa, wakapanda treni na Belyse kwenda kanisani.

Baada ya ibada watu walisimama kunywa chai kwenye meza ndefu. Médiatrice akamsogelea Généreuse. Akatazama kidole, kisha kile kilemba cha manjano kichwani, na Méthode, aliyesimama na kikombe hatua mbili pembeni, akaona macho yake yakirudi kwenye kilemba kwa mara ya pili.

"Dada, kidole kimefanya nini?"

"Nimekatwa na kigae," Généreuse akajibu, kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu saa. "Jana nilikuwa natafuta vigae kwenye lile rundo la barabarani. Mlipita pale."

Médiatrice hakumtazama Généreuse tena, alimtazama Mwalimu. Si kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mtu ndani, kisha akageuka haraka na kuanza kukusanya vijiko. Méthode alitamani sakafu ya ule ukumbi immeze.

Wiki hiyo Généreuse aliifunika meza ya kanga kwa turubai. Alhamisi hakwenda kwa yule bibi wa Kiitaliano, wala Alhamisi iliyofuata. Belyse, aliyekuwa na miaka kumi, akamuuliza baba yake mbona mama haendi tena. Aliuliza kwa Kiingereza, lugha aliyotumia alipotaka jibu la kweli. Baba yake akamwambia mama amechoka.

Kiwandani mashuka yalimpita mikononi bila kuyaona. Wiki ya tatu alishindwa kuvumilia. Alitoka kazini akateremka treni kwenye kituo cha karibu na kwa Symphorien, akamkuta uani anamwagilia nyanya.

"Nimekuja kuondoa jina langu," alisema akiwa bado amesimama. "Yule mwanamke wa siku ile alikuwa mke wangu. Niliwadanganya."

Symphorien alifunga bomba. "Tunajua, Mwalimu. Médiatrice hajalala vizuri tangu siku ile, kwa maneno aliyoyasema na wewe umekaa pale." Akafuta mikono kwenye suruali. "Na yeye mwenyewe umemwambia nini?"

"Nani?"

"Mke wako. Umemwomba radhi?"

Méthode akageuka kutazama nyanya.

"Wiki tatu," alisema Symphorien taratibu, "na mtu wa kwanza uliyemwendea ni mimi."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Kweli, hata toba yake alikuwa ameipeleka kwanza kwa mtu ambaye alitaka amheshimu. Symphorien hakumkaribisha ndani. Alimsindikiza mpaka langoni, akampa nyanya nne ndani ya mfuko.

Généreuse alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba. Méthode aliweka mfuko chini.

"Niliulizwa kama wewe ni mtu wetu," alisema. "Nikasema sikujui. Kisha nikaingia garini. Nisamehe."

Mkewe akabana shati la shule la Belyse kwenye kamba, bega moja, kisha la pili.

"Kuingia garini niliona," alisema. "Hayo ya kusema hunijui, nilikuwa sijayajua."

Méthode akainama.

"Kambini tulichota unga kwenye foleni na magunia kichwani," aliendelea. "Ulibeba, nikabeba, hukuwahi kuona aibu. Sasa nieleze. Ulionea aibu takataka, au mimi?"

Angeweza kusema takataka. Neno lilikuwa karibu, na huenda lingepokelewa.

"Wewe," alisema. "Kwa dakika ile, wewe."

Généreuse akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa barua aliyokwisha kukisia yaliyomo. "Ahsante kwa kutonidanganya," akasema, akachukua beseni lake akaingia ndani.

Ulipita mwezi kabla hajaondoa turubai. Jumamosi moja Méthode alisikia koleo likilia bandani, ta, ta, ta, akasogea mpaka mlangoni akasimama hapo.

"Nisaidie kitu?"

"Vile vyeusi vina saruji ya zamani mgongoni. Vikwangue, uvioshe."

Bomba lilikuwa mbele ya nyumba, kando ya njia ya watu. Aliketi pale juu ya ndoo mpaka jioni, brashi ya chuma mkononi, suruali imelowa. Majirani walipita na mbwa wao wakamsalimu, naye akaitikia. Alivisafisha vyote, mia moja na kitu, akavirudisha vimepangwa kama madaftari.

Kanga alimalizika kabla ya Krismasi, amenona, madoa yake yanang'aa. Médiatrice alikuja kumwona, akashika meza kwa viganja vyote viwili, kisha akaomba afundishwe. Siku hizi ndiye anayekuja wiki ya kaunsili, na gari jeupe, na glavu za bustani. Wanakwenda yeye na Généreuse na Belyse, mchana kweupe, wakicheka mpaka kona ya mtaa.

Kiti cha mzee wa kanisa alipewa mtu mwingine. Watu bado humwita Mwalimu, na kila wakimwita hutazama chini kidogo kabla ya kuitika. Nyumbani mambo ni mazuri. Wanakula, wanazungumza, anakwangua na kuosha vigae vinavyoletwa. Lakini Généreuse hajawahi kumwambia tena amsindikize, naye hajathubutu kuomba.