Foleni Tupu na Ng'ombe wa Bibi Aikande

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya masika. Keti nikusimulie, maana nawe naona umeanza kupenda kusifiwa.

Mimi ni darasa la saba, tena la kusukumwa. Nilianza kwa kubeba maziwa kichwani kutoka Kirua Vunjo mpaka barabarani, na maziwa ya kwanza kabisa nilipewa na Bibi Aikande, mjane wa jirani yetu, wakati hakuna mwingine aliyeniamini hata na kikombe. Kabla sijatimiza miaka thelathini na tano nilikuwa na duka la dawa za mifugo Moshi mjini, pikipiki, na mabwana mifugo watatu walioamka kwa amri yangu, hata watu wakaniita Mangi, yaani chifu. Wenye digrii niliwaajiri mimi. Nalisema hilo bila haya, kwa sababu ni kweli.

Mmoja wao alikuwa Ndeshi, binti aliyesomea kompyuta. Ndiye aliyenitengenezea huduma ambayo mji mzima uliizungumzia. Mfugaji aliyeko mlimani anaandika shida yake kwenye simu ya batani. Ombi linaingia kwenye foleni, na foleni yenyewe imehifadhiwa kwenye kompyuta ya mbali, ambayo umeme wa Moshi ukikatika haijali. Kompyuta yetu ya dukani inachukua ombi la mbele, inamtafuta bwana mifugo aliye karibu, inangoja aseme naenda au siwezi, kisha inarudisha jibu kwa aliyeuliza. Kila ombi lina namba yake na jibu linarudi na namba ile ile, ili jibu la mbuzi wa Marangu lisiende kwa ng'ombe wa Kirua. Yaani mtu yuko kihambani kwake, katikati ya migomba, anaita huduma kama amesimama mlangoni pangu.

Ndeshi alipanga kwamba ombi lisifutwe kwenye foleni mpaka jibu la kweli lipatikane. Kompyuta ikizimika katikati ya kazi, ombi linabaki palepale, linachukuliwa upya. Mimi nikaona anachelewesha. Mteja angoje robo saa bila neno?

"Likichukuliwa tu, lifutwe," nikamwambia. "Na mteja aandikiwe papo hapo: bwana mifugo yuko njiani."

"Bosi, yuko njiani nani, na hatujampata?"

"Atapatikana. Mimi nimeshindwa nini katika mji huu?"

"Na umeme ukikatika kompyuta ikiwa imeshika ombi?"

"Ndeshi, nani mwenye duka?"

Akafanya nilivyotaka. Mwezi uliotangulia alikuwa ameniomba betri ya kulinda kompyuta. Nikanunua makochi ya wageni. Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu, na langu wakati ule lilikuwa limeshakata roho.

Basi siku hiyo walikuja wageni watatu kutoka Tarakea, viongozi wa wafugaji, wakitaka huduma yangu ifike kwao Rombo. Nikawaketisha kwenye makochi, nikawaonyesha kioo cha kompyuta. Saa nne hivi umeme ukakatika, ukarudi baada ya nusu saa. Kompyuta ikawaka, na foleni ikaonekana tupu.

"Mnaona?" nikajipiga kifua. "Foleni tupu! Mlima mzima hakuna anayesubiri."

Wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Ndeshi peke yake alikunja uso, akainama kwenye kompyuta. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe siku ile lilikuwa mimi.

Saa saba simu yangu ikaita. Alikuwa Bibi Aikande.

"Mangi, watu wako wamefika wapi?"

"Watu gani, bibi?"

"Wa ng'ombe. Tangu saa nne umeniandikia wako njiani. Malkia anasukuma, miguu ya ndama imetoka, hakiendelei kitu. Sasa amelala chini."

Malkia ndiye ng'ombe pekee aliyebaki kwake, mzao wa yule ng'ombe aliyetoa maziwa yangu ya kwanza. Nikampigia Elisante, bwana mifugo wangu wa Kirua.

"Kazi gani, Mangi? Mimi niko hapa sokoni tangu asubuhi, sijaletewa hata kuku."

Kutoka soko lile mpaka kwa bibi ni mwendo wa dakika kumi kwa pikipiki. Ndeshi akainua uso. "Kompyuta ilichukua ombi lake, ikamjibu, ikalifuta. Hapo hapo umeme ukaondoka. Hakuna aliyeliona."

Mzee mmoja wa Tarakea akasema taratibu, "Si umesema hakuna anayesubiri?"

Nikamwambia Elisante akimbie kwa bibi, nami nikawasha gari.

Njia ya kupanda Kirua siku ile ilikuwa tope, na kila kona niliona kama inarefushwa. Nilipofika, Elisante alikuwa amepiga magoti kwenye banda, mkono umezama mpaka begani, sabuni na damu zimechanganyika. Ndama alikuwa amekunja shingo. Tukafunga kamba miguuni, tukavuta kila mama alipobana, tukaacha alipoacha. Ndama akatoka. Alikuwa amekufa.

Malkia hakunyanyua hata kichwa. Elisante akamtundikia chupa ya kalsiamu mshipani. "Tungoje," akasema. "Asiposimama leo, basi."

Bibi Aikande alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. "Yule bwana mifugo mstaafu alipita hapa saa tano," akasema, bila kunitazama. "Akaniuliza, mama, nikusaidie? Nikamwambia nenda zako baba, wangu yuko njiani."

Afadhali angenipiga kofi.

Nikaenda kwenye ua wa kihamba, nikakata jani la isale. Kwetu Uchagani, aliyekosa hupeleka isale kwa aliyemkosea, na jani hilo si la mchezo. Nikapiga magoti kwenye tope na suruali yangu ya wageni.

"Shikamoo, bibi. Nimekosa. Nisamehe."

Hakuitikia. Hakulipokea jani wala hakulikataa.

"Zamani," akasema, "aliyetumwa kupeleka isale hakuliangusha mlangoni akakimbia kusema nimefikisha. Alilishika mpaka ajibiwe, ndipo akarudi kwa aliyemtuma. Wewe, Mangi, umeandika jibu kabla hujasikia swali. Haya, kaa hapo nawe usubiri jibu."

Akaingia bandani. Mvua ya rasharasha ikaanza, ukungu ukashuka mpaka kwenye migomba, na mimi nimeshika jani, mtu mzima mwenye duka mjini, sijui kama nitaitikiwa au la. Mwanangu, sijawahi kungoja kitu vile. Nikasikiliza kila pumzi ya ng'ombe yule.

Mara nikamsikia Elisante, "Haya mama! Haya, haya, jikaze!" Kwato zikakwaruza sakafu, zikateleza, zikakwaruza tena. Kisha kimya. Kisha sauti ya ng'ombe akinywa maji.

Bibi akatoka, akafuta mikono kwenye kanga, akalichukua jani mkononi mwangu.

"Marahaba," akasema.

Jioni ile ile nilimwomba Ndeshi radhi mbele ya wafanyakazi wote. Akarudisha mpango wake wa kwanza, nami nikanunua betri. Wazee wa Tarakea niliwaeleza ukweli, na wakajiunga baada ya kuusikia. Leo huduma yangu inaitwa kutoka kila upande wa mlima, na anayebisha aje anionyeshe ya kwake.

Kwa hiyo nakuusia. Ombi la mtu usilifute kwa kuwa limekufikia. Lishike mpaka umtimizie, au umwambie wazi huwezi, apate kutafuta mwingine. Neno "niko njiani" usilitamke mpaka mguu wako ukanyage njia. Na ukiona foleni yako ni tupu, usijipige kifua. Uliza kwanza walikwenda wapi waliokuwamo.

Nenda, mwanangu. Ruwa, Mungu wa baba zetu, akutangulie. Utakapoita uitikiwe, na atakayekuita akukute upo.