Bibi wa Darasa la Nne

Mpangaji mwenzangu hapa Kalangalala ni muuguzi, na anajifunza Kijerumani ili akafanye kazi hukohuko kwa Wajerumani. Jioni hukaa barazani na simu yake, mimi nikichambua mchele, akanisomea maneno. Juzi alikwama kwenye maneno ya kuoneana. Alisema hänseln ni kumkejeli mtu, kama watoto wanavyopeana majina. Ärgern ni kumchokoza mpaka audhike. Belästigen ni kuzidi kumsumbua aliyekwisha kusema hataki. Mobben ni wengi kumwandama mmoja, leo na kesho, mpaka akose pa kukaa. Yote alikuwa anayachanganya.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “nipe mfano wa kila moja. Nikiona picha sitasahau.”

Nikampa. Ndugu yangu unayesoma, mifano yote ilitoka kwa mtoto mmoja.

Nilikulia karibu na Kharumwa. Tuliamshwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ikinguruma kabla jogoo hawajamaliza kuwika. Nyumbani kulinuka moshi na michembe iliyochemshwa, vile viazi vitamu vikavu ambavyo bibi alinifungia vya kula shuleni. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Bibi yangu aliniita mke mwenza, akadai namnyemelea mumewe. Mimi nilimpokonya kikopo cha ugoro nikakimbia nacho, naye akanitangaza mwizi kwa Kisukuma, ua zima likacheka. Hakuna aliyekasirika. Ndiyo haki ya mjukuu.

Tulipokuwa darasa la nne alikuja msichana mgeni. Mama yake aliponda mawe kwa nyundo pale karasha, na yeye alimsaidia asubuhi kabla ya kuja shule. Aliingia darasani nywele na nyusi zimejaa vumbi jeupe. Mimi sikuwa msemaji, hata jina langu nililitaja kwa kunong'ona. Siku ile, sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, “Shikamoo, bibi.”

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Sikuwahi kuwachekesha watu kabla ya hapo, na nilijisikia mtamu. Hata yeye alicheka. Akainama kama kikongwe, akaitikia, “Marahaba, mjukuu wangu.”

Huo ukawa mfano wa kwanza niliompa muuguzi.

Basi wote wakawa wajukuu. Mapumziko walimpokonya michembe yake, wakasema bibi hana meno ya kutafunia. Yeye naye alijaribu kuwatania, lakini akisema yeye hakuna aliyecheka. Akaanza kunawa kichwa kisimani kabla ya kengele, akawa anaingia darasani anatiririka maji, anatetemeka. Ndipo wavulana wakasema bibi amepotea, arudishwe. Nilikuwa na zamu ya kufuta ubao. Waliponyoosha mkono niliwapa dasta, nao wakamkung'utia vumbi la chaki kichwani. Mwalimu aliuliza kuna nini. Tukajibu tunamtania tu, ni bibi yetu. Mwalimu akatabasamu, akageukia ubao.

Siku hiyo alinifuata kisimani. “Wewe ndiye uliyenipa ubibi,” alisema taratibu, bila ugomvi. “Waambie basi umekwisha. Wewe watakusikia.”

Nikamwambia nitawaambia. Kesho yake nilikaa kimya, na siku iliyofuata pia. Niliogopa wangenitafutia na mimi jina.

Akaacha shule. Nilipotumwa upande wa karasha nilimwona ameketi kando ya mama yake, nyundo mkononi, vumbi limemjaa tena, na hakuna wa kumsema. Hakuinua kichwa. Baadaye wakahama, wakafuata machimbo mengine.

Nilimwambia bibi yangu nusu ya habari, nikisema tulikuwa tunataniana. Akaniuliza, “Mimi ukininyang'anya ugoro nakuita mwizi, na ua zima linacheka nami. Huyo mwenzenu alicheka na nani?”

Muuguzi alinisikiliza hadi mwisho. Katika kusimulia nilikuwa nikisema “mtoto fulani,” na dasta nilisema ilichukuliwa, sikusema ilitoka kwa nani. Simu yake ilizimika kioo, hakuiwasha. Akaweka mkono begani kwangu.

“Pole, mdogo wangu. Kumbe ulipitia hayo.”

Nikainamia ungo. Nikasema, “Asante, dada.”

Karasha ile wameihamisha, pale sasa ni magugu. Kisima kimefukiwa. Bibi yangu amekwisha kututangulia, na hakuna tena wa kuniita mke mwenza. Ila ile pole bado ninayo. Muuguzi tangu jana ananisemesha kwa upole zaidi, ananiwekea chai, nami ninakunywa. Yule ambaye pole ni yake sijui anaponda mawe wapi.