Bafta ya Bibi

Wajukuu zangu wakiniona naanika sabuni juu ya paa hucheka. Wacheke tu. Mche wa sabuni ukiukata kwa uzi, ukauacha ukauke mpaka ugume, utafua nao mpaka uuchoke. Hayo nilifundishwa na bibi yangu mzaa baba, na alinifundisha kwa konzi. Kila ninachokijua kuhusu kubana matumizi kiliingia kichwani mwangu kwa konzi, kwa finyo la paja, au kwa upawa. Upawa wenyewe ulikuwa wa kifuu cha nazi, mpini wake mti wa mkoko. Ukikupata kwenye kifundo cha mkono, siku hiyo tonge unalishika kwa taabu.

Tulikaa Kigombe, miaka ile ya hamsini. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, upande wa mashine. Mama yangu alishindwa na upawa, akaomba talaka yake, akarudi kwao Pangani. Baba akaoa mwanamke wa upande wa Maramba, mtoto wa Kikristo aliyesilimu siku ya ndoa. Nilimwita mama mdogo. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanne, na mshahara wa baba ulikuwa ukipitia kwa wauza tembo kabla ya kufika kwetu. Nyumba aliishika bibi, tena aliishika hasa.

Nazi ilikuwa moja kwa siku. Tui la kwanza linawekwa kando, la pili linapikiwa, la tatu, ambalo ni maji meupe tu jamani, linachemshiwa mihogo. Machicha ni ya kuku. Kifuu ni kuni. Njiti ya kibiriti tuliipasua kwa wembe ikawa mbili, na hiyo ni siku ambayo moto wa jirani nao umezimika, maana kwanza unatumwa na kumbi ukaombe kaa. Koroboi linawashwa wakati wa kula. Ukimeza tonge la mwisho, fuu, giza. Siku moja nilitupa ukoko kwa kuwa umeungua. Bibi alinikamata shingo akanirudisha jaani, nikauokota, nikauosha, nikautafuna mbele yake huku damu ya pua inanichuruzika mdomoni. Mtoto mdogo mimi! Nilimchukia siku ile, na nikisema nimemsamehe yote nitakuwa muongo.

Makumbi ya nazi ndiyo yaliyokuwa mali yake. Wanawake wa kwetu huyafukia kwenye matope ya mikokoni, maji yanajaa na kupwa juu yake kwa miezi, mpaka yaoze. Halafu unayafukua na kuyaponda kwa rungu fupi juu ya gogo, uchafu unatoka, zinabaki nyuzi, huo ndio usumba wa kusokota kamba. Harufu yake haitoki nyweleni hata ufanye nini. Bibi alikuwa akiponda kama mtu anayeua nyoka, na alipochoka alihamishia rungu mkono wa pili.

Nilikuwa naye siku aliyomkuta mwanamke wa mtaa wa pili akifukua shimo letu. Bibi hakuuliza swali. Alimpiga rungu la mdomo, jino likaruka, na yule mwanamke naye akamvaa akamng'ata bega. Wakagaagaa kwenye matope, wanawake wazima, nguo zimewatoka, mpaka wenzao wakaja kuwaachanisha. Bibi alikuwa anatema damu na matope. Njiani nilimwuliza kwa nini amempiga mtu namna ile kwa ajili ya makumbi.

"Makumbi?" alisema. "Yule ameiba sanda yangu."

Ndipo aliponieleza. Mama yake alifariki wakati wa njaa, ndani hamna hata kitambaa, na watu wakapita nyumba kwa nyumba kumchangia sanda. Wakamzika vizuri. Lakini baadaye kila bibi alipogombana na mtu kisimani, na alikuwa mgomvi huyo, alitolewa maneno: nyamaza wewe, mama yako tulimvika sisi. Miaka na miaka wanamwambia. Basi akaapa kwamba yeye atakwenda kaburini na nguo yake mwenyewe, iliyotoka kwenye mikono yake, na hakuna mtu Kigombe atakayeweza kumsimanga nayo, wala kunisimanga mimi.

Na alikuwa nayo tayari. Ndani ya sanduku lake la bati, chini kabisa, ilikuwapo bafta nyeupe, kitambaa cha sanda, nzima, haijaguswa na mkasi, imekunjwa na vipande vya kafuri katikati. Pesa za kamba zilizokuwa zinatafutwa sasa ni za udi, ubani na wachimba kaburi. Alinionya nisitaje jambo hili nyumbani, kwani ukiizungumza sanda ndani ya nyumba ni kama unamwita anayeileta. Sikulitaja.

Mwaka ule Ramadhani ilimkuta baba na kanzu moja. Bibi alikuwa ameigeuza kola mara mbili, ameitia viraka kwapani na mgongoni, na sasa viraka vyenyewe vilianza kuchanika. Baba akataka kanzu mpya ya Idd.

"Nami niswali na wenzangu nikiwa mtu!" alisema.

"Mungu anatazama kanzu?" bibi alimjibu. "Lete, nikuongezee kiraka."

Baba alilipiga teke jiko, chungu cha uji kikapasuka, uji ukamrukia mama mdogo mguuni. Mama mdogo akapiga yowe. Bibi naye akampiga baba upawa wa kichwa kwa sababu ya chungu. Hakuna aliyemwangalia yule mwanamke mguu, ila mimi nilimpaka asali.

Maskini, yeye alitaka amani. Na alikuwa na akili ya kubana matumizi kuliko sisi sote, ila ya kwao, ya upole. Alifundishwa kushona misheni. Sisi tuko mikokoni, yeye akawa anafagia chumba cha bibi, akafungua sanduku kulipangusa, akaiona bafta. Kwao Maramba watu wake huzikwa ndani ya jeneza na nguo zao nzuri. Kitambaa cheupe kwake kilikuwa kitambaa cheupe, na kafuri alidhani ni dawa ya mende. Hata hivyo alimwuliza mumewe, je, naweza kuichukua hii ya mama nikakushonea, tusitoe hata senti? Baba akamwambia kata.

Asubuhi ya Idd baba aliondoka mapema, mlango wa mbele, bibi yuko uani anakuna nazi. Siku ya Idd nazi zilikuwa mbili. Swala ikaisha, wakarudi yeye na wenzake wawili kutupa mkono wa Idd. Nikamwona anaingia uani. Alipendeza, niseme kweli. Kanzu inang'aa, imemkaa, shingo imetariziwa kwa uzi mwembamba. Mama mdogo alisimama mlangoni anatabasamu, anangoja sifa.

"Shikamoo mama. Idd mubarak," baba alisema, akainama kuupokea mkono wake.

Bibi alikuwa bado ameikalia mbuzi ya kukunia nazi. Akaushika mkono wa mwanawe, kisha nikaona pua yake inacheza. Kafuri, hata uifue nguo na kuianika, haitoki yote. Akaivuta kanzu, akaipeleka puani, akavuta pumzi. Uso wake ulibadilika mpaka nikarudi nyuma.

"Vua," alisema.

"Mama, watu wapo."

"Nimesema vua!"

Akasimama na upawa mkononi. Alimpiga usoni, akampiga sikioni, akampiga vidole alivyokingia. Baba anarudi nyuma, bibi anamfuata. "Vua sanda yangu! Umevaa sanda yangu, mwanaharamu wewe!" Wale wenzake wawili, waliposikia sanda, wakaduwaa. Mama mdogo akaanza kumlilia mama mkwe wake, "Sikujua mavyaa, wallahi sikujua, nilimwuliza yeye!" Bibi akageuka akamtazama. Halafu akamrudia mwanawe, sauti imeshuka.

"Wewe ulijua."

"Nitakununulia nyingine," baba alisema. "Kwani unakufa leo?"

Bibi akaikamata ile kola kwa mikono miwili. Hapo baba akampiga. Kofi, tena la mkono uliofunguliwa wote, kofi la mtu mwenye nguvu za mkonge. Nililisikia na mpaka leo nalisikia. Bibi alianguka chali juu ya mbuzi, meno ya chuma yakamchana kutoka kiwiko mpaka karibu na kwapa. Damu ilimrukia baba kifuani, kwenye weupe ule. Mtume! Mtu kumpiga mama yake, siku ya Idd, mikono bado ina maji ya udhu!

Bibi alijiinua kwa mkono mmoja, akaketi kwenye machicha yaliyomwagika, akasema tena, taratibu kabisa, "Vua." Baba akavua. Akamtupia usoni, akatoka na shuka lake kiunoni, wenzake nyuma yake wakiona aibu hata ya kuaga.

Nilidhani sasa bibi atamuua mama mdogo. Alimwita, yule akaja, akapiga magoti. Bibi akampa ile kanzu akamwambia chana mkono huu unifunge. Mama mdogo akachana, akamfunga. Wote wawili walikuwa wanalia, na mimi nalia, ila kila mmoja alilia lake.

Nguo iliyokatwa shingo na kuingia damu haikumfaa tena, lakini bibi hakujua kutupa. Mkono wa pili wa kanzu ukawa wa kuchujia tui. Mgongo ukawa gauni langu la kulalia. Tulikula wali wa tui lililochujwa kwa sanda yake, na alituangalia tukila. Mwenyewe alikula pia.

Kidonda kilipofunga alirudi mikokoni. Mkono uliochanwa haukunyanyuka tena vizuri, akawa anaponda na mmoja, na mama mdogo akawa anaponda kando yake bila kuambiwa. Alikuwa hajui, alijipiga vidole mpaka kucha zikatoka. Bibi alimtukana kila siku, lakini hakumpiga hata mara moja. Kamba zikauzwa, bafta nyingine ikanunuliwa, kafuri ikanunuliwa. Safari hii sanduku lilihamia kwa mama mdogo, na ufunguo aliuvaa shingoni. Baba alikuwa anaingia na kutoka. Alisema samahani mbele ya watu, akaleta sukari, akaleta doti la kanga. Bibi alivipokea, maana vitu havitupwi. Jibu hakumpa.

Alifariki msimu wa masika. Alioshwa, mama mdogo akafungua sanduku, wanawake wakaipima bafta ikatosha na kubaki. Hakuna aliyepitisha chombo cha mchango. Nilijisikia fahari kiasi kwamba nilisahau kulia. Jeneza la msikiti likaletwa, baba akasogea, akasema yeye ndiye atakayeingia kaburini kumpokea mama yake, kwani ni mwanawe wa pekee.

Mama mdogo akatoka mpaka barazani kwa wanaume, jambo lisilofanywa, akasimama mbele yake.

"Mavyaa kaniusia," alisema. "Usimteremshe. Wala usimtupie udongo. Kasema mkono ule usimguse tena."

Baba akamtazama sheikh. Sheikh akatazama chini, akawaita wapwa wa bibi wawili.

Walipokuwa makaburini, mama mdogo aliweka ndoo ya maji na kata mlangoni, ilivyo desturi. Wanaume wakarudi, wakanawa mmoja mmoja, maji yakageuka rangi ya udongo. Baba alikuwa wa mwisho. Akasimama mbele ya ndoo, akaigeuza mikono yake, akaitazama pande zote. Ilikuwa safi. Akapita ndani bila kunawa.