Mrija wa Mgeni

Mkufunzi wetu wa jiografia alikuwa Mskochi, na jambo la kwanza alilotufundisha ni kwamba yeye si Mwingereza. Mwenzetu mmoja alimwita hivyo siku ya kwanza, tukasomeshwa Uskochi mpaka kengele ikalia. Mimi nilidhani Uskochi ni kwa Uingereza kama Kibondo ilivyo kwa Kigoma, wilaya ya mbali yenye baridi, nikalisema hilo kwa sauti. Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Baada ya kipindi aliniita, nikajua nimeyatimba. Kumbe alikuwa ameona mwandiko wangu kwenye zana za kufundishia, na alitaka nimsaidie kazi moja nyumbani kwake Jumamosi alasiri.

Hiyo ilikuwa Kasulu, katikati ya miaka ya sabini, nami nasomea ualimu. Mkufunzi alikuwa mama wa makamo, hajaolewa, mwembamba, mwenye baiskeli nyeusi iliyojulikana soko zima. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Mimi nilizaliwa Kitahana, nikakulia katika Kiha, na Kiswahili nilikipata shuleni kwa viboko.

Kazi yenyewe ilikuwa ukutani. Alikuwa ameunganisha karatasi nyingi za manila kwa gundi, zikaanzia mlangoni hadi dirishani, na juu yake ameuchora ukoo wake wote. Kileleni alikaa mzee mmoja aliyekuwa mkulima huko milimani kwao, kwenye ardhi ya bwana mkubwa. Mzee huyo alikuwa na wana wawili. Bwana alipopandisha kodi ya shamba, mmoja alivumilia akabaki, na huyo ndiye aliyemzaa aliyemzaa, vizazi kadhaa, mpaka mkufunzi wangu. Wa pili alipanda meli kwenda Amerika, enzi ambazo Amerika yenyewe bado ilikuwa koloni, akafika Karolina akalima tumbaku.

"Kama watu wa Kibondo," nikasema.

"Kama watu wa Kibondo," akakubali, na hapo alicheka.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi, akitembea makanisani na makaburini pande zote mbili za bahari. Sasa kaka yake, mkubwa wa familia, alitaka karatasi ile ichapwe kitabu ili kila mwenye damu yao apate nakala. Mkufunzi aliandika kwa penseli, na kila jina alilolihakikisha mimi nililipitia kwa wino. Majina siyataji hapa, ni ya wenyewe. Nilifurahia kazi ile kuliko nilivyoonyesha. Kulikuwa na chai ya maziwa na mkate wa kuoka mwenyewe, na alinisimulia wafu wake kana kwamba wametoka sasa hivi kwenda kuteka maji.

Nami nilimsimulia habari za kwetu. Operesheni ya vijiji ilikuwa imetutoa kwenye boma la babu na kutupanga kando ya barabara, nyumba kwa nyumba. Boma la zamani lilibaki mahame, migomba ikijiotea, na mti mkubwa wa mvumu ukisimama juu ya makaburi yetu. Watu walihama, wafu hawakuhama. Aliyekufa bado tulimbeba hadi mahame tukamzika na wenzake, maana kuzikwa kando ya barabara ni kuzikwa kama mpita njia. Mkufunzi alisikiliza akiwa ameishika kalamu hewani. Alisema babu zake wangenielewa.

Upande wa Karolina kulikuwa na mahali penye alama hafifu za penseli ambazo hakunipa kuzipitia. Kutoka kwa yule mwana wa pili mstari mmoja ulikwenda kwa mkewe na watoto wao, wengi, wote kwa wino. Mstari mwingine ulitoka pembeni, wa nukta nukta, ukaishia patupu. Nilingoja aseme. Zilipopita wiki kadhaa, nikauliza.

Aliweka kikombe chini. Alisema mwaka mmoja kabla ya kuja Tanzania alikwenda Karolina, akapelekwa na jamaa zake kwenye makaburi ya ukoo, mawe yameandikwa vizuri. Nje ya ua wa makaburi kulikuwa na mawe mengine yasiyo na maandishi. Alipouliza ni ya nani, walibadilisha mazungumzo. Jumapili yake, mwanamke mzee Mweusi alimfuata nje ya kanisa akamwambia kwa upole, "Yule wa kwenu aliyekuja kwa meli ndiye babu wa babu yangu. Aliyemzalia watoto wa kwetu alikuwa mtumwa wake."

"Uliamini?"

"Alikuwa na kidevu cha baba yangu."

"Basi mbona hujawaandika?"

Alisema kaka yake hatakubali. Alisema jamaa za Amerika watasusa kitabu. Alisema hata jina la yule mama mtumwa hakuna anayelijua. Nilikasirika waziwazi, nikamwambia Amerika nzima inajua kuhesabu watumwa ikiwa ni mali, ila wakiwa ndugu inasahau hesabu. Hakunifukuza. Alinimiminia chai nyingine. Nilirudi bwenini nikiwa bado nachemka, na njiani ndipo nilipomkumbuka bibi yangu, nikaacha kuchemka.

Bibi huyu hakuwa mama wa baba yangu. Alitoka ng'ambo, upande wa Burundi, mtoto mdogo wa wakati wa njaa, na baba wa babu yangu alimpata kwa mifuko ya chumvi ya Uvinza. Hakuna aliyelificha hilo, wala hakuna aliyelisema. Alipokua, babu alizaa naye binti mmoja, shangazi yangu. Mke wa babu, mama yake baba, alifariki mapema, na bibi huyu ndiye aliyemlea baba, kisha akatulea sisi. Hata hivyo baba hakumwita mama. Akizungumza nasi alisema "bibi yenu". Akizungumza naye mwenyewe hakumwita kitu, alianzia kwenye habari tu: "Maharage yamekauka?" Yeye alijibu kuhusu maharage.

Likizo iliyotangulia bibi alikuwa amenishika mkono jikoni. Alikuwa amekonda sana, kifua kinamsumbua.

"Mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu kwa Kiha, "mimi sina muda. Muulize baba yako nitalala wapi. Mbele ya nyumba hapa, malori yanapita siku nzima. Nani atajua kuwa nilikuwa mtu wa kwenu?"

Nilimuuliza baba. Alikuwa ananoa panga. Akasema, "Tutaona." Kwa baba yangu neno hilo lilikuwa ukuta. Mahame palikuwa pa waliohesabiwa, na bibi hakuwahi kuhesabiwa.

Mwaka ule kaka mkubwa wa baba alifariki, na matanga yakapangwa kuondolewa likizo ya Pasaka. Mkufunzi aliposikia kwamba siku hiyo baba atahesabu ukoo kwa mdomo, kuanzia babu wa kwanza, macho yalimng'aa, akaomba kuja. Tukapanda basi la Kibondo, vumbi mpaka kwenye kope, na humo ndani nikamfundisha adabu za kwetu. Pombe ya mtama itakuwa kwenye mtungi mkubwa katikati ya ua. Baba ataita nyumba moja moja, na kila nyumba itakuja kuchomeka mirija yake ya tete na kunywa. Asiyeitwa hachomeki. Mgeni naye hupewa mrija na mwenye boma.

"Mimi sinywi pombe," alisema. Hilo lilikuwa jambo la kanisa lake, hata harusini hakuonja. "Nitaurudisha?"

"Usithubutu! Mrija haurudishwi kwa aliyeutoa, ni kumtukana. Kama hunywi, mpe mtu anywe badala yako. Huyo hakatai wala hakatazwi."

Aliyarudia maneno hayo polepole, kama anavyorudia mwanafunzi mwema, kisha akatazama nje ya dirisha mpaka Kibondo.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua jepesi baada ya mvua. Ua ulijaa. Baba alisimama kando ya mtungi akaanza kuhesabu, na mimi niliyemjua kwa ubahili wa maneno nilijivuna. Alitaja babu baada ya babu bila kujikwaa, nani alimzaa nani, nani alihamia Munanila akazaa huko. Baada ya kila jina aliita nyumba yake, nao wakaja, wakachomeka, wakanywa, wakacheka. Mkufunzi hakuandika chochote. Alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, mikono magotini.

Bibi na shangazi walikaa mlangoni mwa jiko, mahali pao siku zote. Walikuwa na kibuyu chao cha pembeni, walichojaziwa tangu asubuhi ili wasibaki na kiu. Walikuwa wameipika wao pombe ile yote.

Baba akamaliza nyumba zote. Akachukua mrija mpya, mrefu, akaupeleka kwa mkufunzi kwa mikono miwili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema kwa Kiswahili, watu wakapiga makofi.

Mkufunzi aliupokea kwa mikono miwili vilevile. Akasimama. Nilidhani atanipa mimi, nilikuwa karibu naye, hata nikaanza kunyoosha mkono. Alinipita. Aliwapita wazee, akawapita wake za wazee, akavuka ua mzima kwa yale mabuti yake ya kahawia mpaka mlangoni mwa jiko, akainama, akampa bibi mrija.

Waliokuwa wakinywa waliachia mirija. Bibi aliushika mrija ule akamtazama baba. Si kwa kuomba. Alimtazama kama, bila shaka, alivyokuwa akimtazama baba alipokuwa mtoto mwenye homa, akingoja kuona imepanda au imeshuka. Mrija wa mgeni haukatazwi, lakini asiyeitwa hachomeki, na hakuna mzee pale aliyewahi kuziona sheria hizo mbili zikigongana.

Baba alikohoa. Akaangalia mtungi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuhesabia:

"Nyumba ya mama wa dada yangu nayo inywe."

Shangazi alimwinua bibi. Wakatembea pamoja hadi katikati, bibi akachomeka mrija, akanywa muda mrefu kuliko mtu yeyote siku ile. Mzee mmoja akatania kwamba akiachwa atamaliza mtungi. Watu wakacheka, na ua ukaendelea. Mimi nililia nyuma ya ghala la mahindi, nikanawa uso, nikarudi.

Katika basi la kurudi nilimuuliza mkufunzi kama alijua alichokuwa anafanya. Alisema aliona bibi mwenye kiu.

"Mwalimu, alikuwa na kibuyu mkononi."

"Basi sikuona vizuri," alisema, na miwani yake iko safi kabisa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake kama kawaida. Nilikuwa nimejiandaa kumsema. Baba yangu asiyejua kusoma, nilitaka kumwambia, amevuka, wewe na vitabu vyako umesimama wapi? Sikupata nafasi. Alikuwa amekwisha kuchora kwa penseli, mstari mzima usio na nukta, na chini yake majina ya watoto, na wajukuu, mpaka yule mama mzee wa kanisani. Mahali pa mama yao palikuwa na duara tupu.

"Jina hatuna," alisema. "Nifanye nini?"

Nilifikiri kuhusu bibi yangu, ambaye jina lake alipewa kwetu, na lile aliloitwa na mama yake hakulikumbuka.

"Duara tulipige wino hivyo hivyo," nikasema.

Nikachovya kalamu. Ukilitazama vizuri, duara lile lilikuwa na nundu upande mmoja. Mkufunzi alisimama nyuma yangu mpaka wino ukakauka. Mwaka uliofuata alimaliza mkataba wake akaondoka na ukoo wake ameukunja ndani ya mkeka. Kama kaka yake aliuchapa au aliuchana, sijui mpaka leo.

Bibi alifariki mwaka ule ule wa matanga, kabla mvua hazijaanza. Nilipata ruhusa chuoni nikawahi. Nilifika nikiogopa kukuta shimo kando ya barabara, lakini mbele ya nyumba hapakuwa na jembe wala udongo mbichi. Walikuwa wametangulia mahame kuchimba, chini ya mvumu, ubavuni mwa babu. Baba alikuwa mmoja wa waliobeba. Njia nzima alikataa kupokewa.

Kwetu mwenye boma ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na anapoutupa humwita marehemu kwa jina alilomwita alipokuwa hai, ili ajue ni nani anayemuaga. Baba alichota udongo mkononi akasimama. Alisimama muda mrefu, mpaka shangazi akainua uso. Sote tulijua shida yake. Maisha yake yote hakumwita kitu.

Aliutazama udongo, mzee yule wa panga na "tutaona". Akafungua mkono.

"Mama," alisema. "Maharage yamekauka."