Vali ya Binti Yangu

Kwa miaka minne niliwaambia watu wote wa msikitini kwamba binti yangu yuko serikalini. Mimi nilikuwa karani wa wizara Unguja, na hapa London nikaishia karani wa council, serikali ya mtaa. Kazi ya kampuni kwangu ilikuwa kibarua tu. Kwa kweli yeye yuko kwenye karakana ya watu kumi na mmoja, nyuma ya gereji ya magari, wanakotengeneza vali za kupitishia mafuta kwenye vyombo vya anga.

Siku ambayo chombo cha serikali kilikuwa kitue Mwezini, niliwaita marafiki nyumbani Wembley baada ya Alasiri. Mke wangu alikaanga visheti. Binti yangu akakaa ukingoni mwa kochi, rangi imemtoka. Vali yao isingefunguka, chombo kingeanguka kikavunjika, na karakana ingefungwa.

"Mwanangu," mzee mmoja akamuuliza, "huko kwenu serikalini hamna hofu?"

Akanitazama. Nikainamia kikombe changu. Angeweza kuniumbua pale pale, lakini akasema tu, "Hofu ipo, Ami. But we tested it so many times."

Sijapata kuona aibu namna ile. Nikakumbuka anavyorudi na vidole vilivyochubuka, na Idi alizokosa kwa sababu ya majaribio. Serikali nzima, na majengo yake na bendera zake, ilikuwa imekaa inamngoja yeye! Na mimi, baba yake, ndiye niliyekuwa namficha.

Mtangazaji wa televisheni akasema vali imefunguka. Baada ya muda chombo kikatua. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kwenye televisheni mkubwa mmoja akasimama kuishukuru serikali, na yule mzee akanishika mkono.

"Hongera. Serikali imefanya kazi."

"Serikali gani?" nikamaka. Sauti ilinitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka. "Nimekudanganyeni. Binti yangu yuko kwenye kampuni ndogo, nyuma ya gereji. Hao wakubwa vali ile hawawezi kuitengeneza. Walikwenda kumwomba yeye na wenzake."

Mke wangu alibaki na sahani mkononi.

Muda wote ule, hata chombo kilipotua, binti yangu hakutoa chozi. Alilia hapo.