Taa ya Ijumaa

Ijumaa iliyopita, ndugu yangu, nilikuwa Sandton, mtaa wa matajiri wa jiji letu, kwenye foleni ya benki. Mzee mmoja mbele yangu akamwita mwenzake "priyatel". Weee! Neno hilo nililisikia mara ya mwisho utotoni. Jioni ileile nilikwenda mtaa wa Hillbrow, nikasimama chini ya gorofa letu la zamani.

Humo nililelewa na mama, mtu wa Bukavu, msusi wa kando ya barabara. Mwaka wa 2008, wageni kama sisi walipokuwa wakipigwa mitaani, mama alinifungia ndani kila akienda kazini. Mlango ulipokuja kufunguliwa, watoto wa uani walishazoea kuniita mkwerekwere, tusi lao kwa wageni. Sikuwa na mwenzangu hata mmoja. Nilicheza na vitana vya mama.

Jirani yetu alikuwa mzee Myahudi, mjane, wanawe wote ng'ambo. Ijumaa jua likizama, dini yake ilimkataza kugusa swichi, hata kumwomba mtu amgusie. Basi akisahau kuwasha taa mapema, alibisha kwetu, akatazama dari, akasema, "Eish, kwangu giza leo." Mama alimpa pole, akafunga mlango! Alipokuja tena ndipo nikang'amua. Nikaingia kwake, nikawasha. Alicheka mpaka akakohoa. "Priyatel!" Alinieleza kuwa ni Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya aliyoisema mamake, na kwamba neno lenyewe waliliazima kwa majirani zao Waslavoni: maana yake rafiki, mtu mchangamfu wa kukaa naye. Mimi, mchangamfu!

Tangu hapo nikawa naingoja Ijumaa kama sikukuu. Alinipa mkate wao, uliosukwa kama kichwa cha mteja wa mama. Sombe yetu, yaani kisamvu, hakuila kwa kuwa imepikwa kwa sufuria zetu, ndiyo miiko yao. Mama alinuna wee, mwisho akawa anampelekea machungwa. "Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali," alisema.

Halafu Ijumaa moja hakubisha. Nikabisha mimi, kisha nikashuka kuuliza. Mlinzi wa gorofa akasema mwana wa mzee alikuja wiki hiyo, akamchukua kwenda naye ng'ambo. Nililia vibaya sana. Mama akanibembeleza, eti nitapata marafiki wengine. Nimepata watu wa kusalimiana nao.

Basi Ijumaa iliyopita nilisimama pale chini, nikitazama dirisha lake. Kulikuwa na nguo za watoto zimeanikwa. Jua likazama, taa ikawaka, mtu mwingine kaiwasha. Nikasema "priyatel" kwa sauti, mara moja tu, nilisikie tena. Watu wakanipita.